Mahudhurio ya Antony Muli

Siku tatu baada ya kumzika Emily Nzisa, kiwanda kilileta mkate. Kreti nne za mkate wa kukatwa, na soda za chupa ndogo, vimepangwa juu ya meza za kantini kama watu wanangoja bibi harusi. Halafu wakamleta mama mmoja kutoka Nairobi, miwani puani na projekta kwapani. Akasimama mbele ya watu arobaini na mmoja ambao kwa macho yao walimwona Emily akitolewa kwenye chumba cha pasi, amebebwa kwa kitambaa cha mashati, akawafundisha kwamba majonzi yana hatua tano.

Hatua tano kwa dakika thelathini na tano, kwa sababu hayo ndiyo mapumziko ya chakula, na kiwanda hakikuona haja ya kuyaongeza kwa ajili ya marehemu. Alipofika hatua ya tatu akatazama saa.

"Hapa tutakimbia kidogo," akasema, "nimeambiwa laini ya mashati inafunguliwa saa nane."

Hatua ya nne haikuonekana. Ya tano ilikuwa ni kukubali, na picha yake ilikuwa mwanamke wa Kizungu ameketi kwenye nyasi, amefumba macho, anatabasamu. Watu wa Athi River wakamtazama yule mwanamke na midomo imejaa mkate.

"Kuna mwenye swali?"

"Mimi niko na swali, madam," akasema mtu kutoka nyuma. Alikuwa Josphat Ndunda wa stoo, mwakilishi wa wafanyakazi, mtu aliyejifundisha sheria za kazi kwa kitabu kisicho na jalada. "Kurekebisha boila ni hatua ya ngapi?"

Watu wakacheka mpaka soda ikawatoka puani. Mama wa Nairobi akamtazama bibi wa HR, bibi wa HR akautazama ukuta, na kengele ikawaokoa wote wawili.

Kabla ya kutoka ikapitishwa karatasi ya mahudhurio. Kila mtu akaandika. Bibi wa HR akahesabu mistari arobaini na moja, akaridhika, akaitia faili. Hakusoma. Angesoma angegundua kwamba watu wote waliofarijiwa siku ile walikuwa mtu mmoja, Antony Muli.

Antony Muli hajawahi kuzaliwa. Alitungwa na Ndunda mwaka 2011. Mwaka ule, baada ya mgomo wa siku nne, kiwanda kilileta mkate vilevile, soda vilevile, karatasi ya mahudhurio vilevile. Watu wakala, wakatia sahihi. Wiki mbili baadaye karatasi ile ikafufuka mezani kwa wakubwa, imebanwa nyuma ya barua iliyosema kwamba waliotia sahihi hapa chini wameondoa madai yao yote kwa hiari. Vipande viwili vya mkate kwa mtu. Wengine hata siagi hawakupata.

Ndunda hakulala wiki nzima. Wiki ilipoisha alikuwa na amri moja: jina la mtu halipewi ofisi. Wakikupa karatasi, andika Antony Muli. Tangu hapo Muli amehudhuria mafunzo ya moto, semina za usafi na siku ya afya. Mazoea nayo yana tabia zake. Kwenye mazishi ya Emily kule Ekalakala, familia ilifungua kitabu cha rambirambi jioni wakakuta Antony Muli amelia mara thelathini. Mume wa Emily alikaa siku nyingi akijiuliza huyu mwanamume ni nani aliyempenda mke wake hivyo.

Tulicheka sana kwa hayo. Aliyekuwa hacheki ni mmoja tu, na hakuna aliyemwona hacheki.

Bonface Munyao alikuwa fundi wa boila, mtu wa Mwala, miaka thelathini na minane, mke wake Katunge, watoto wawili. Kazi yake ilikuwa kuchemsha maji yawe mvuke, mvuke upite kwenye paipu mpaka kwenye pasi, mashati yanyooke yaende Amerika. Juu ya boila kuna vali ambayo kazi yake ni moja tu: mvuke ukizidi, inafunguka, inapiga kelele, inapumua. Ilikuwa inapumua mara nyingi mno. Kila ikipumua, pasi zinapoa, na mashati yanabaki na makunyanzi.

"Nyamazisha hiyo kitu," akasema meneja wa uzalishaji.

"Bosi, ikinyamaza ni hatari."

"Hatari ni wewe kukosa kazi."

Munyao akaifunga kwa waya. Siku kumi na moja vali ikakaa kimya kama muumini, na meneja akasifiwa kwa barua pepe. Siku ya kumi na mbili paipu ikapasuka mahali ilipokuwa dhaifu, juu ya meza ya nne ya pasi, na chini yake alikuwa Emily, anaimba kama kawaida yake. Alikaa hospitalini siku tatu.

Watu wa uchunguzi walipokuja wakaomba kitabu cha boila, kile kinachotiwa sahihi kila asubuhi kwamba vali iko sawa. Wakapewa. Siku zote kumi na mbili: A. Muli.

"Huyu Muli yuko wapi?"

Kiwanda hakikufikiri mara mbili. "Ametoroka kazi," kikajibu. Faili ikafungwa, lawama zote zikalazwa juu ya Muli, na Muli, kwa sababu hayuko, hakulalamika.

Ndunda alipiga magoti stooni kwa kicheko. "Wamemfuta kazi mtu ambaye hayuko! Wajinga! Munyao, ndugu yangu, uko huru kama ndege!"

Munyao akasema, "Ndio." Akaenda kunawa mikono. Alikuwa amenawa muda si mrefu uliopita.

Hapo ndipo mtu mwenye macho angeona. Lakini sisi macho yetu yalikuwa kwa kiwanda. Tuliyatumia yote huko, hatukubakisha hata moja la kumtazama mtu aliyesimama kando yetu.

Ilianza na sufuria. Katunge alikuwa anachemsha isyo, mahindi na maharagwe, kifuniko kikaanza kucheza na mvuke ukapuliza. Munyao akatoka nje, akasimama kwenye ua amejishika masikio. Kesho yake akamwambia mke wake apike bila kifuniko. Wiki iliyofuata apike nje kabisa. Halafu usingizi ukamkimbia, halafu chakula, halafu tumbo likaanza kumuuma upande wa kushoto, na kichwa, na mgongo, kana kwamba mwili unabisha hodi kila mlango kutafuta nani atafungua.

Wasaidizi walikuja. Sisi Wakamba kwa ushauri hatuna uchoyo.

Wa kwanza alikuwa pasta. Akamwita mbele ya kanisa, akamwekea mikono, akamwamuru roho wa hofu atoke. Wakati huohuo maikrofoni ikakaribia spika, ikapiga ile filimbi yake, na Munyao akaruka viti viwili akakimbia mpaka barabarani. Kanisa likapiga makofi. Roho ametoka! Mama mmoja alisema alimwona kabisa, mweusi, amepitia dirishani.

Wa pili alikuwa baba yake mdogo kule Mwala, mzee Musembi, aliyeitisha kikao cha ukoo. Wakanywa chai, wakachinja kuku wawili, wakaamua.

"Kichwa kikijaa mawazo, mkono upewe jembe," akasema mzee Musembi. "Kijana amekaa sana na mashine. Achimbe."

Munyao akatumia likizo yake yote kuchimba bwawa la mchanga, lile la kuzuia mchanga ili utunze maji, kwenye mto wa ukoo. Lilikuwa bwawa zuri, mpaka leo linashika maji. Munyao alirudi Athi River na malengelenge kumi na macho yaleyale.

Wa tatu walikuwa wanaume wenzake. Hao dawa yao inajulikana, iko kwenye chupa ya kahawia, na maelezo yake ya matumizi ni maneno mawili: jikaze, mwanaume.

Na wa nne alikuwa Ndunda mwenyewe, ambaye alimkalisha kwenye gunia la vifungo stooni akamhutubia nusu saa.

"Wewe si mgonjwa! Wewe umeonewa! Huu mfumo ndio mgonjwa!"

Ni kweli, alikuwa ameonewa. Lakini mtu anaweza kuonewa na kuugua siku moja. Hakuna kifungu cha sheria kinachokataza, hata kwenye kile kitabu kisicho na jalada.

Aliyemwona alikuwa msichana wa kliniki ya serikali, mdogo wa kumzaa. Munyao alikuwa amekwenda kwa ajili ya tumbo mara ya nne. Mara tatu alipewa vidonge akarudi. Mara hii msichana akaacha kuandika.

"Unalala?"

Munyao akashangaa. Miezi mitano, na pasta, ukoo, baa na chama, hakuna aliyekuwa ameuliza.

"Kidogo."

"Masaa mangapi kwa usiku?"

"Mbili. Tatu, kama mvua inanyesha."

"Hili tumbo halitasikia vidonge vyangu peke yake," akasema msichana. "Kila Jumatano kunakuja kaunsela, chumba namba tisa. Unakata kadi ya kawaida kama ya malaria. Si wazimu, usiniangalie hivyo. Ukiwa na jino bovu unaenda kwa wa meno. Sasa wewe ni usingizi, na hofu, na umekonda. Wiki mbili ingekuwa huzuni tu. Hii ni miezi."

Hayo ndiyo maneno yote. Alichosema hakihitaji projekta.

Munyao akaenda Jumatano. Dirishani karani akamsukumia kitabu: jina, namba ya simu, sahihi. Na mkono wake, uliozoezwa na Ndunda tangu 2011, ukaandika Antony Muli, kama ulivyoandika zile mara nne za tumbo, na namba ambayo si ya mtu yeyote.

Kaunsela alikuwa Winfred Nthambi, mama wa makamo kutoka Machakos mjini, viatu vya chini, sauti ya chini.

"Karibu, bwana Muli. Nini kimekuleta?"

"Si mimi. Ni rafiki yangu, anaitwa Munyao."

"Munyao ako na shida gani?"

"Halali. Akisikia sufuria ikipumua, anatoka nje."

"Na wewe unalala?"

"Mimi niko sawa."

"Na hili tumbo limeandikwa hapa?"

Akafikiri. "Tumbo ni langu."

Hivyo ndivyo Jumatano sita zilivyokwenda. Antony Muli, mtu mwenye furaha, asiye na hatia, akaeleza habari za Munyao: jinsi alivyofunga waya, jinsi anavyomsikia Emily akiimba mpaka neno lilelile, kisha kimya. Nthambi akamfundisha Muli mambo ya kumfundisha Munyao, namna ya kupumua, namna ya kuitazama ile siku kidogo kidogo bila kuikimbia. Muli akaitikia kwa kichwa, akaahidi kufikisha salamu. Munyao hakupata hata moja. Utapataje salamu zilizopelekwa kwa jina la mtu mwingine? Muli alikuwa anapona vizuri kabisa.

Jumatano ya saba hakwenda. Nthambi akapiga ile namba. Mashine ikamjibu kwamba haipo.

Wiki hiyohiyo Munyao alibadilika. Alitulia. Alirekebisha bawaba za mlango, akaosha viatu vya watoto, akawa anacheka kidogo. Kanisani wakatoa ushuhuda. Jumatatu akaja stooni kwa Ndunda na spana yake kubwa ya paipu, ile ya Kijerumani aliyoachiwa na fundi aliyemfundisha kazi, ambayo hakuwa anamkopesha mtu hata kwa kiapo.

"Chukua, mzee. Ni yako."

"Yangu? Asi! Umeshinda bahati nasibu?"

"Imenichosha kubeba."

Ndunda akaipokea kwa mikono miwili, akaing'arisha kwa mafuta. Akajisemea kijana amekomaa. Jumanne akamkuta Maundu wa paketi na koleo la Munyao.

"Na hilo?"

"Amenipa. Seti ya bisibisi amempa mlinzi wa geti. Ati hatazihitaji."

"Hatazihitaji kwa nini?"

"Mimi nitajuaje? Zawadi haiulizwi."

Fundi anagawa vifaa vyake kimoja kimoja, na sisi tunashukuru! Ndunda akasimama, akaelewa. Mtu mwingine angefunga stoo akaenda palepale. Yeye alikuwa na kikao cha kamati kuhusu vyoo. Akasema atamwona kesho. Kesho! Kama kesho ni ya Ndunda.

Kesho ilikuja, si kwa wema wake. Asubuhi Katunge akagonga mlango wake, kitambaa kimekaa upande, mkononi ameshika kadi ya hospitali.

"Mwakilishi, wewe unajua watu wote. Huyu Antony Muli ni nani? Kadi yake nimeikuta kwa koti ya baba watoto. Tarehe zote Jumatano. Kwangu alisema Jumatano anaenda tumbo. Sasa niambie ukweli, ni mambo ya mwanamke?"

Ndunda akaitazama kadi. Jina lile alilolitunga mwenyewe, kwa furaha, kwa hasira, likamtazama pia.

"Munyao yuko wapi saa hii?"

"Nyumbani, na dada yangu. Ametulia sana siku hizi. Jana amenionyesha mahali cheti za watoto ziko, ati nisisahau." Akajisikia alichosema. "Mwakilishi?"

"Rudi nyumbani," akasema Ndunda. "Usitoke karibu yake. Hata chooni msindikize, mwambie ni mimi nimesema. Nakuja."

Chumba namba tisa aliingia bila kubisha.

"Namtafuta Bonface Munyao!"

"Kwenye kitabu changu hakuna Munyao," akasema Nthambi.

Ndunda akaipiga ile kadi mezani. "Huyu!"

"Huyu siwezi kuzungumza habari zake na wewe."

"Mama, huyu hayuko! Huyu nilimtunga mimi!"

Nthambi akavua miwani. "Keti," akasema. Na Ndunda, ambaye miaka kumi na tatu hakuwahi kuketi mbele ya ofisi yoyote, akaketi.

Akaeleza. Spana, koleo, bisibisi, bawaba, vyeti vya watoto. Nthambi alikuwa amesimama kabla hajamaliza.

"Siri ya mtu naitunza," akasema, "ila uhai wake ukiwa hatarini. Hapo inafunguliwa, na ni sasa. Kwamba rafiki ni yeye mwenyewe nilijua Jumatano ya pili. Nilimngoja aseme mwenyewe. Nilingoja sana, hilo ni kosa langu. Na wewe umenipa mgonjwa asiye na jina wala simu wala mlango, hilo ni lako. Tutagombana baadaye. Nenda umlete. Mimi natafuta gari ya kumpeleka kwa daktari wa hospitali kuu leo hii."

"Nimwambie nini?"

"Muulize kama anafikiria kujiua."

Ndunda akashtuka. "Hivyo hivyo? Si nitamtia hilo wazo?"

"Wazo tayari liko. Utakalomtia ni mtu wa kumwambia. Muulize, halafu unyamaze. Unaweza kunyamaza?"

Swali hilo hakuna aliyewahi kumwuliza, na kwa bahati nzuri hakulijibu.

Alimkuta Munyao kwenye ua, anapiga rangi mlango. Katunge ameketi hatua mbili kutoka kwake, anachambua maharagwe yaliyokwisha chambuliwa. Ndunda akaanza kwa salamu, akaingia kwenye habari za kamati, akafika mpaka vyoo, kisha akajikuta anaongea juu ya 2011. Katunge akamtazama kwa jicho la kukata. Ndunda akaikata sentensi yake katikati.

"Munyao. Unafikiria kujiua?"

Burashi ikaendelea, juu, chini, juu. Halafu ikasimama.

"Ndio."

Katunge akaweka ungo chini polepole sana.

Ndunda akafungua mdomo. Alikuwa na maneno, Mungu anajua alikuwa nayo: ya ubepari, ya haki, ya watoto, ya Biblia pia ikibidi. Akaufunga. Ilimuuma kama kumeza mfupa.

"Ni kwa sababu hakuna anayenikamata," akasema Munyao, macho mlangoni. "Nimengoja wanikamate. Wamemshika Muli. Nimefunga ule waya mimi, mita moja, niliununua mwenyewe kwa duka, nikachagua ule mgumu. Lakini nikitaka kusema, ninyi mnacheka. Mnasema niko huru kama ndege." Akageuka. "Kwa kaunsela nilitaka kusema. Nikafika pale dirishani mkono ukaandika. Si ni wewe ulitufundisha jina la mtu halipewi ofisi?"

"Ni mimi."

"Ulisema ni siku zote."

"Nilisema siku zote." Ndunda akajikuna shingo. "Nilikosea. Si kwa wale wa mkate. Wale hata kesho waandikie Muli. Lakini huyu mama si wale, na mimi niliwaweka wote kwa gunia moja, kwa sababu gunia moja ni rahisi kubeba. Twende. Twende na rangi hivyohivyo."

"Watanipeleka kwa vichaa."

"Watakupeleka kwa daktari," akasema Katunge. Alikuwa tayari na viatu miguuni. "Na ukiwa kichaa, utakuwa kichaa wangu. Inuka, baba Mutheu."

Wakaenda kwa miguu, watatu, Munyao katikati. Dirishani karani, yule asiyeinua kichwa, akasukuma kitabu.

"Jina?"

Nyuma yao foleni ilikuwa ndefu, mama mmoja na mtoto analia. Munyao akashika kalamu akakaa nayo. Ndunda alitazama dari.

"Bonface Munyao," akasema. Akaandika, herufi kubwa, moja moja, na rangi ya buluu ikabaki kwenye ukurasa.

Karani akapekua faili. "Jina hili halina faili. Ni mara ya kwanza kuja?"

"Ndio," akasema Munyao. "Mara ya kwanza."

Hospitali kuu walimweka siku kumi na mbili. Wakampa dawa ya usingizi na dawa nyingine iliyomkausha mdomo, ambayo aliilalamikia sana, na daktari akambadilishia. Hakurudi akiwa mtu mpya. Hizo ni hadithi za ushuhuda. Alirudi akiwa mtu yuleyule, anayelala masaa matano kwa usiku. Katunge bado alipikia nje. Bibi wa HR, kwa upande wake, alimaliza ripoti ya mwaka na kuandika kwamba wafanyakazi wote walipewa ushauri nasaha, mahudhurio asilimia mia, na nasikia ripoti hiyo ilishinda kikombe.

Ndunda aliona saa imefika. Alikuwa na mpango: Munyao aandike taarifa, kwa jina lake, kuhusu waya na amri ya meneja, faili ifunguliwe upya, kiwanda kitikisike. Ulikuwa mpango mzuri, na ulikuwa wa haki. Akamvizia Jumatano moja asubuhi njiani, karatasi tayari mfukoni.

"Munyao! Umepona?"

"Napona."

"Sasa huyu mama Nthambi anakwambia nini huko ndani? Miezi miwili!"

"Haniambii kitu. Ananiuliza tu. Anauliza, anauliza, kama polisi. Wakati mwingine natoka nimekasirika kuliko nilivyoingia."

"Kuuliza tu? Hata mimi naweza kukuuliza. Bure, na bila foleni."

"Wewe huwezi."

"Kwa nini?"

"Wewe ukiuliza, unajibu mwenyewe kabla sijafungua mdomo."

Ndunda akafungua mdomo kukanusha, akaona Munyao anamtazama, anangoja kuona. Akatoa ile karatasi badala yake.

"Basi hii. Taarifa. Tia sahihi, leo hii tunawapiga."

Munyao akaisoma yote, mstari kwa mstari, kwa utulivu wa mtu anayesoma geji ya mvuke. Akaikunja, akamrudishia.

"Nitaiandika," akasema. "Yangu, kwa mkono wangu. Na Emily atakuwa ndani, si kama hivi umemwandika 'marehemu' mara moja tu. Lakini si leo."

"Lini?"

"Nikiweza kusema neno boila bila kutetemeka. Nimelisema jana mara mbili."

"Munyao, kiwanda hakitangoja..."

"Kitangoja. Kimengoja tangu 2011." Akatazama jua. "Niache, mzee. Saa tatu niko na miadi, na yule karani akikufungia dirisha ndio basi."

Akashika njia ya kliniki, hatua ndefu, bila kugeuka.